Lishe ya Mshipani: Mfamasia Husoma Nini Kabla Mfuko Haujachanganywa

Chukua mfuko wa lishe ya mshipani uliopimwa sawasawa, utundike kwenye stendi pamoja na mfuko utakaomuua mgonjwa. Hutaona tofauti. Yote miwili imejaa kimiminika cheupe pe, na yote miwili itatiririka taratibu kwa saa 24. Muuguzi aliye zamu ya usiku hawezi kuonja potasiamu wala kunusa zinki iliyozidi.

Kwa hiyo kazi ya kumlinda mgonjwa hufanyika mapema, wakati mfuko bado ni orodha ya tarakimu kwenye cheti. Daktari huandika, mtaalamu wa lishe hukadiria mahitaji, muuguzi hutundika. Katikati yao kuna mtu ambaye kazi yake ni kuzisoma tarakimu zote kwa pamoja na kujiuliza kama zinaweza kukaa kwenye mfuko mmoja, kisha kwenye mwili mmoja, bila kuleta madhara. Huyo ni mfamasia. Wengi wetu tunamjua kama mtu wa dirishani anayehesabu vidonge na kuandika "1x3", na sehemu hii ya kazi yake haionekani kabisa kutoka upande wetu wa dirisha.

Lishe ya mshipani ni chakula kinachoruka tumbo na utumbo na kuingia moja kwa moja kwenye damu. Kuna glukosi badala ya ugali, amino asidi badala ya maharage na nyama, na mafuta yaliyovunjwavunjwa kuwa matone madogo mno. Humo humo kuna maji, sodiamu, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu, fosfeti, vitamini, na madini yanayohitajika kidogo sana kama zinki, shaba na seleniamu. Ukivihesabu kimoja kimoja, viambato vinaweza kufika 40 au zaidi.

Hadi miaka ya 1960 madaktari wengi waliamini jambo hili haliwezekani. Kule Philadelphia, Marekani, daktari wa upasuaji Stanley Dudrick na wenzake waliwalea watoto wa mbwa kwa kuwalisha mshipani tu, na wakakua vizuri. Mwaka 1967 wakamlisha hivyo mtoto mchanga wa kike ambaye utumbo wake haukuweza kumlisha. Huko Sweden, Arvid Wretlind alikuwa amekwisha kupata njia ya kuingiza mafuta ya soya kwenye damu kwa usalama, akiyashikanisha na maji kwa kutumia fosfolipidi za kiini cha yai. Tangu hapo watu waliokuwa wakikonda hadi kufa huku ugonjwa wao wenyewe ukitibika walipata njia ya kuishi. Lakini tiba hiyo hiyo ISMP, taasisi ya Marekani inayofuatilia matumizi salama ya dawa, imeiweka kwenye orodha ya dawa za hatari kubwa, pamoja na insulini, dawa za kuzuia damu kuganda na dawa za saratani.

Swali lisilo na hesabu

Kabla ya kushika kikokotoo, mfamasia huuliza: je, utumbo wa mgonjwa huyu unafanya kazi? Kama unafanya kazi, utumike. Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kumeza hahitaji lishe ya mshipani. Anahitaji mpira wa kulishia unaopita puani. Anayestahili ni yule ambaye utumbo wake umeziba, umekatwa ukabaki mfupi, unavuja, au mtoto njiti ambaye utumbo wake bado haujawa tayari kupokea maziwa ya kumtosha.

Swali hili hukera. Daktari ameshaandika, ndugu wa mgonjwa wanataka "aongezewe nguvu", na mfamasia anapiga simu wodini kuuliza kama mpira wa puani umejaribiwa. Apige tu. Mshipa mkubwa uliowekwa katheta, yaani mpira mwembamba wa kupitishia dripu, ni mlango wa bakteria, na kila siku ambayo mlango huo uko wazi bila sababu ni siku ya hatari ya bure. Uchunguzi wa kitaifa uliotolewa Uingereza mwaka 2010 ulipopitia majalada ya wagonjwa wa lishe hii, watu wazima walioonekana kupata huduma nzuri hawakufika hata robo. Hiyo ni Uingereza, yenye timu za lishe na vyumba maalum vya kuchanganyia.

Mama wa kilo 50

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye hesabu za kweli. Mama wa kilo 50 amefanyiwa upasuaji wa utumbo ulioziba, na kwa siku 12 hajala kitu cha maana. Cheti kinafika famasia: glukosi gramu 300, amino asidi gramu 70, mafuta gramu 50, jumla lita 2 kwa saa 24, kupitia kanula ya mkononi. Majibu ya maabara ya asubuhi hiyo yanaonyesha potasiamu 2.9 na fosfeti 0.4, zote kwa milimoli kwa lita na zote chini ya kawaida.

Mfamasia anaanza na nishati. Glukosi ya dripu hutoa kilokalori 3.4 kwa gramu, kwa hiyo gramu 300 ni 1,020. Amino asidi hutoa 4 kwa gramu, hapo ni 280. Mafuta ya asilimia 20 hutoa kilokalori 2 kwa mililita, na gramu 50 zimo kwenye mililita 250, ambayo ni 500. Jumla ni 1,800, sawa na 36 kwa kila kilo ya mama huyu. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hutoshwa na 25 hadi 30.

Kuzidi huko kungeweza kuvumiliwa kwa mgonjwa mwingine. Kwa huyu, tatizo kubwa ni zile siku 12. Mwili ulioshinda na njaa muda mrefu hupunguza insulini na kuishi kwa kuchoma mafuta yake wenyewe. Ukimwagiwa glukosi ghafla, insulini inapanda, na inapopanda huvuta fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu na kuziingiza ndani ya seli. Damu inabaki tupu. Moyo unaanza kudunda ovyo, misuli ya kupumulia inalegea, na vitamini B1, yaani thiamini, ambayo glukosi huihitaji ili itumike, inakwisha. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia madaktari waliwashuhudia watu waliokombolewa kutoka njaa kali wakizidiwa baada ya kupewa chakula. Mfuko wa lita 2 unaweza kufanya jambo lile lile wodini, na mara nyingi lawama huangukia "hali yake ilikuwa mbaya tangu mwanzo".

Mwongozo wa mwaka 2006 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unamweka kwenye hatari kubwa mtu aliyekaa zaidi ya siku 10 bila kula au akila kidogo sana, au mwenye potasiamu, fosfeti au magnesiamu iliyo chini kabla hata ya kulishwa; dalili moja tu kati ya hizi inatosha. Mama wetu ana zaidi ya moja. Mtu kama huyo huanzishiwa kilokalori zisizozidi 10 kwa kilo kwa siku, yaani 500 kwake, kisha hupandishwa polepole ndani ya siku 4 hadi 7. Thiamini hutolewa kabla ya chakula na kuendelea kwa siku 10 za mwanzo. Potasiamu, fosfeti na magnesiamu hurekebishwa sambamba, huku vipimo vikirudiwa kila siku. Kwa maneno mengine, cheti kilichoandikwa kwa nia njema kinampa zaidi ya mara tatu ya kile anachopaswa kuanza nacho.

Bado hatujafika kwenye kanula. Ukali wa mchanganyiko kwa mshipa hukadiriwa hivi: kila gramu ya amino asidi huleta karibu miliosmoli 10 (kizio cha ukali huo), kila gramu ya glukosi karibu 5. Hapo tu tumepata 700 na 1,500, jumla 2,200 ndani ya lita 2, hata kabla ya kuongeza madini. Ni 1,100 kwa lita. Mshipa mdogo wa mkono, kwa kanuni inayotumika sana, haupaswi kupewa zaidi ya 900. Ukilazimisha, utawaka, utavimba na kuziba, na dawa inaweza kumwagika chini ya ngozi. Ama mgonjwa awekewe katheta ya mshipa mkubwa ulio karibu na moyo, ama mchanganyiko upunguzwe makali. Ukianza na kilokalori 500, kwa bahati, tatizo hili la pili linajitatua kwa siku za mwanzo.

Simu moja ya mfamasia kwenda wodini, yenye mambo matatu: anza chini, toa thiamini kwanza, usitumie kanula hiyo kwa mfuko huu kama ulivyoandikwa.

Viambato vinavyogombana

Hapa ndipo mfamasia anapokuwa na jambo ambalo hakuna mwingine wodini aliyelisomea kwa kina. Kalsiamu na fosfeti zote mbili zinahitajika, hasa kwa mtoto njiti anayejenga mifupa. Zikikutana kwa wingi kwenye maji kidogo zinaungana na kuwa chembe ngumu. Aprili 1994, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo baada ya vifo viwili na wagonjwa wengine kushindwa kupumua. Uchunguzi wa maiti ulikuta chembe za kalsiamu na fosfeti zimeziba mishipa midogo ya mapafu. Mchanganyiko ulikuwa na mafuta, na weupe wa mafuta huficha chembe. Ungekuwa mchanganyiko usio na mafuta, huenda mtu angeona ukungu.

Kuzuia kunahitaji kujua kemia. Fosfeti hutangulia kuingizwa, kalsiamu huja mwishoni, baada ya kila kitu kuchanganyika. Kalsiamu glukoneti ni salama kuliko kalsiamu kloraidi, kwa sababu haiachii kalsiamu yake kirahisi. Fosfeti ya aina ya gliserofosfeti, mahali inapopatikana, huondoa sehemu kubwa ya ugomvi huu. Amino asidi nyingi husaidia kwa kuufanya mchanganyiko uwe na asidi zaidi. Halafu kuna joto. Chumvi nyingi tunazozijua huyeyuka vizuri zaidi maji yakipashwa moto. Kalsiamu na fosfeti hufanya kinyume. Mfuko uliokuwa safi kwenye friji ya famasia unaweza kuanza kutoa chembe ukiwa wodini Dar es Salaam mwezi wa Februari, au ndani ya mpira unaopita kwenye mashine ya kumpasha mtoto joto. Hesabu iliyofanywa kwa nyuzi joto 25 haimlindi mtoto aliye kwenye nyuzi 36. Kwa hiyo kichujio cha mikroni 1.2 kwenye mpira si pambo. Kikiziba, kengele ya pampu ikalia, usikitoe ili dripu iendelee. Simamisha na uite famasia.

Mafuta nayo yana ugomvi wake. Matone yake husukumana kwa sababu yote yana chaji hasi. Ukimwaga kalsiamu au magnesiamu nyingi kupita kiasi, chaji hiyo inadhoofika, matone yanaungana, na mafuta hujitenga juu kwa rangi ya njano. Utando mwepesi mweupe unaorudi ukitikisa mfuko taratibu unasameheka. Mistari ya mafuta ya njano isiyorudi haisameheki: mfuko unatupwa.

Mikro na mili

Novemba 2006, Las Vegas, daktari aliagiza zinki mikrogramu 330 kwa kila mililita 100 kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Mashine ya kuchanganyia ya famasia ile ilidai kiasi kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mfamasia alilazimika kubadilisha. Alikokotoa vizuri. Alipoingiza jibu kwenye kompyuta, kizio kilikuwa miligramu. Dozi ikawa mara 1,000. Mashine haikuwa imewekewa kikomo cha kukataa, na waliofuata kuhakiki hawakuiona. Mtoto akafa.

Watu wa famasia ile hawakuwa wazembe kuliko wengine. Nikisoma tukio lile, kinachonitisha ni kwamba agizo liliandikwa kwa kizio kimoja na mashine ikataka kingine. Hapo mlango wa kosa ulikuwa wazi kila siku, ukimsubiri mtu aliyechoka. Miaka minne baadaye, karibu na Chicago, mtoto mwingine njiti alipata sodiamu mara 60 baada ya tarakimu kuingizwa kwenye kisanduku kisichokuwa chake. Tahadhari za mashine zilikuwa zimezimwa. Maabara ilitoa jibu la sodiamu ya juu mno, likadhaniwa ni kosa la kipimo.

Ndiyo maana chama cha Marekani cha wataalamu wa lishe ya mshipani na ya mpira, ASPEN, kilipotoa mapendekezo ya usalama mwaka 2014 kilisisitiza jambo linaloonekana dogo: agizo liandikwe kwa fomu moja ya kawaida, kiasi cha siku nzima kwa mtu mzima, kiasi kwa kilo kwa siku kwa mtoto, na lebo ya mfuko ifuate vizio hivyo hivyo. Hospitali isiyo na kompyuta inaweza kulifanya hili kesho kwa karatasi iliyochapwa. Karatasi yenye kizio kilichokwisha kuandikwa pembeni ya kila nafasi humnyima mtu nafasi ya kubuni.

Dawa zilizo nje ya mfuko

Cheti cha lishe hakisomwi peke yake. Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia akilazwa usingizi kwa propofoli, dawa inayobebwa ndani ya mafuta, anakula mafuta bila mtu kuyahesabu, kilokalori 1.1 kwa kila mililita. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, atapata kutoka kwenye mfuko vitamini K, ambayo huipinga dawa hiyo. Dripu za glukosi zilizoachwa zikiendelea tangu chumba cha upasuaji zinaongeza sukari na maji.

Kuna pia seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria ambayo katika hospitali zetu za Afrika Mashariki huandikwa karibu kama salamu. Kwa mtoto mchanga wa hadi siku 28 anayepata au atakayepata dripu yenye kalsiamu, lishe ya mshipani ikiwemo, haitakiwi kabisa, kwa sababu viwili hivi huunda chembe zinazoweza kukaa kwenye mapafu na figo. Kubadilisha mpira wa dripu hakutoshi kwa umri huo. Daktari wa watoto anaweza kuwa ameandika dawa hiyo juzi na lishe leo, kwenye kurasa mbili tofauti za faili. Mfamasia anayepokea ukurasa mmoja tu hatakuta kosa lolote. Lazima apande wodini akafungue faili.

Kuhusu mifuko ya tayari

Hospitali nyingi za ukanda huu hazina chumba safi cha kuchanganyia, kwa hiyo hutegemea mifuko ya kiwandani yenye vyumba viwili au vitatu: glukosi huku, amino asidi kule, mafuta pembeni, na viungio vinavyofunguka ukiukunja mfuko kwa nguvu. Ni suluhisho zuri, na naliunga mkono. Kuchanganya pasipo mazingira yanayofaa ni hatari iliyothibitika: mwaka 2011 huko Alabama wagonjwa 19 katika hospitali sita walipata bakteria kwenye damu kutokana na lishe iliyochanganywa na famasia moja, 9 wakafariki, na bakteria hao hao wakakutwa kwenye bomba la maji la famasia hiyo.

Lakini mfuko wa tayari umezaa imani kwamba hauhitaji mfamasia. Kwanza, viungio visipofunguka vyote, mgonjwa anaweza kupata glukosi tupu usiku kucha. Pili, kwa kawaida mifuko hii haina vitamini wala madini ya kiasi kidogo. Huongezwa wakati wa kutumia, au hutolewa kando. Nchini Marekani mwaka 1997, vitamini za mshipani zilipoadimika, wagonjwa waliolishwa bila vitamini walipata asidi kali kwenye damu kwa kukosa thiamini. Huku kwetu uhaba wa aina hiyo hauhitaji kutangazwa ili uwepo. Mfuko ukifika wodini bila vitamini, mfamasia ahakikishe thiamini imeandikwa mahali pengine kwenye kadi ya dawa, siku ile ile. Tatu, kuna tabia ya kudunga potasiamu ya ziada kwenye mfuko uliokwisha kutundikwa. Haichanganyiki vizuri, huzama karibu na mlango wa kutokea, na humwingia mgonjwa kwa mkupuo. Nyongeza yoyote ifanyike famasia, kwa vipimo ambavyo mtengenezaji ameviruhusu, au potasiamu itolewe kwa dripu yake pekee.

Kuhusu nani aandike: Uingereza, tangu 2006, mfamasia aliyefuzu mafunzo ya ziada anaweza kuandika dawa mwenyewe, na wengine huandika lishe hii kila siku. Kwetu kwa kawaida hupitia na kushauri. Sioni haja ya kugombania kalamu. Naona haja ya kulinda kanuni moja popote kalamu ilipo: aliyeandika asiwe ndiye anayehakiki. Mfamasia akiandika, mfamasia mwingine asome upya kuanzia uzito wa mgonjwa. Tena uzito wa kupimwa, maana kilo zilizokisiwa kwa macho huharibu kila hesabu inayofuata.

Baada ya mfuko kutundikwa, cheti hakijaisha. Siku za mwanzo sukari hupimwa mara kadhaa kwa siku, potasiamu, fosfeti na magnesiamu kila siku, ini na mafuta ya damu angalau kila wiki, na agizo la kesho huandikwa upya kwa majibu ya leo badala ya kunakiliwa. Mgonjwa akianza kuvumilia uji au maziwa ya mpira, mfuko hupunguzwa kwa kadiri ile ile. Hausimamishwi ghafla, hasa kwa watoto wadogo, kwa kuwa insulini iliyozoea glukosi ya mfululizo huweza kuishusha sukari vibaya. Kasi hupunguzwa nusu kwa saa moja au mbili, kisha hufungwa, na sukari hupimwa tena nusu saa hadi saa moja baadaye.